Fungate ya Klachi

Nimeendesha gari miaka 19, na asubuhi ile nilizima mbele ya soko la Mgandini mara tatu mfululizo. Mara ya tatu gari lilirukaruka kwanza kama chura aliyemwagiwa maji ya moto, kisha likafa. Vijana wa bajaji waliokuwa kivulini walijikaza wasicheke, maana Tanga bado kuna haya, ila mmoja akashindwa. "Mama," akasema kwa sauti ya huruma, "tukutafutie kibao cha L?"

Sikumjibu. Nilikuwa nashughulika na mguu wangu wa kushoto, ambao ghafla ulikuwa mguu wa mtu mwingine.

Jana yake kirikuu yangu ilikuwa imetoka kubadilishwa klachi. Kwa wasioijua, kirikuu ni ile pikapu ndogo ya Suzuki ambayo injini yake iko chini ya makalio ya dereva. Sheria ya Japani ya magari madogo inataka injini isizidi sentimita za ujazo 660 na mzigo usizidi kilo 350, na waliounda gari waliitii. Sisi huku hatukuisoma. Yangu hupanda Lushoto na nazi, chumvi na dagaa, hushuka na kabichi na karoti, na msimu ukifika, peasi na plamu. Kutoka Mombo, ambako jasho linakutoka hata ukiwa umekaa, barabara inapanda karibu mita elfu moja ndani ya kilomita 33 hivi, ubavu mmoja mwamba, ubavu wa pili bonde. Nyuma ya kona kuna Fuso linatambaa, na nyuma ya Fuso upo wewe, huendi wala husimami, mguu umening'inia katikati ya pedeli. Madereva wanaita kubalansi. Shule ya udereva hukusifu ukijua kubalansi. Hawakwambii kwamba hapo katikati ndipo klachi inapoliwa.

Ya kwangu iliisha kabla sijafika Soni. Nilikanyaga mafuta, injini ikalia kwa uchungu, gari likaenda mwendo wa jeneza. Halafu ikaja ile harufu, ya nywele zilizopitiwa na moto, ikajaa hadi kwenye nguo. Niligeuza, nikateremka, na kurudi Tanga nikaenda kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Fundi wangu yuko Ngamiani, chini ya mwarobaini, kwenye mojawapo ya zile barabara tunazoziita kwa namba. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, ameshika spana tangu enzi za malori ya Bedford. Alipoishusha gia boksi na kuichomoa pleti ya klachi, hakusema kitu. Alinikabidhi tu. Uso wa pleti ulikuwa umelika mpaka ribiti zimetokeza, na ribiti zenyewe zilikuwa zimechora mifereji kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake. "Hii umeila mpaka mfupa, mwanangu," akasema. Flaiwili ilikuwa na madoa ya buluu na zambarau, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Ni chuma kilichopata moto mpaka kikabadilika rangi.

Akataka ipelekwe kwa mtu wa leithi ikasawazishwe. Mimi nilikuwa napiga hesabu za pesa, nikamwuliza kama kipande cha msasa kisingetosha. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwali mpya unamwingiza kwenye kitanda kile kile kilichovunjika chaga?"

Ikapelekwa leithi.

Nilikaa kwenye kigogo nikamwangalia anavyofunga ile mpya, na nikiri kwamba sikuwahi kumwona mwanamume akishika kitu kwa uangalifu namna ile. Presha pleti mpya ilikuja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, akaiosha kwa petroli na kuikausha. Pleti yenyewe aliishika kingoni kwa ncha za vidole, na vijana wake wenye mikono ya grisi wakaamriwa wakae mbali. Alama moja ya kidole chenye mafuta ikibaki kwenye ule uso, klachi itatetema kila unapoondoka, na hakuna dawa ila kushusha gia boksi upya. Kwenye meno ya shafti alipaka grisi kiasi cha wanja. Ili pleti ikae katikati sawasawa kabla ya kukaza boliti, alitumia shafti iliyotoka kwenye gia boksi ya gari lililokufa zamani. Anaiweka kwenye kopo la maziwa pamoja na mswaki wake.

Alipomaliza alifuta mikono, akasema, "Wiki nzima usiipeleke mlimani, wala usibebe mzigo wa maana. Usivute gari la mtu. Iko fungate."

Neno hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Siku hizi tunaliandika kwenye kadi za harusi kwa maana ya safari ya kwenda Zanzibar kupiga picha ufukweni. Lakini fungate ni hesabu. Kabla saba ya Kiarabu haijatuingia mdomoni, Kiswahili kilikuwa na saba yake, na saba hiyo ndiyo fungate. Wasambaa wa kule juu ninakopeleka nazi bado wanahesabu kwa neno la ukoo huo huo. Kwa desturi, siku saba bwana na bibi harusi wanawekwa ndani, wanapikiwa, wanaogeshwa, na somo yuko mlango wa pili, hasikii lakini anasikia. Hawatumwi sokoni, hawachoti maji, na mgeni hawamwoni.

Nikamwambia mzee kwamba mfano wake haukukaa vizuri. Klachi haipumzishwi. Mtu akiliegesha gari siku saba, siku ya nane atakuta klachi ni ile ile ya dukani.

"Kwani wewe," akasema huku akikunja kitambaa chake, "unadhani fungate watu wanapumzika?"

Vijana wake walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Na mimi nilicheka, na nina wajukuu.

Lakini alikuwa amesema jambo la kweli kuhusu chuma. Pleti mpya na flaiwili iliyotoka leithi hazijagusana bado, hata zikibanwa vipi. Kwa macho zote ni tambarare, ila uso wa chuma una vilima na mabonde madogo mno, na uso wa pleti nao una vyake, havilingani. Siku ya kwanza vinavyogusana ni vilima kwa vilima tu, sehemu ndogo ya uso wote. Ukiliondoa gari kwa fujo, nguvu yote ya injini inapita kwenye vilele hivyo vichache, vinapata moto kupita kiasi, na ile gundi inayoshika nyuzi za pleti inayeyuka na kuganda juu kama kioo. Kioo hakishiki. Ndiyo maana unaweza kuiharibu klachi ya maisha ya miaka minane kwa asubuhi moja ya kiburi. Ukienda taratibu, kila mguso unasugua kilele kidogo, joto kidogo, kisha unaachia ipoe, halafu tena. Baada ya mara mia kadhaa nyuso mbili zinakuwa zimechongana. Hakuna iliyoshinda. Kila moja imepoteza unga kidogo.

Na joto lenyewe si dogo. Gari likiwa limesimama injini inazunguka na magurudumu hayazunguki, na mtu wa kupatanisha mwendo na utulivu ni ile sahani moja, isiyofika upana wa sahani ya wali. Ukishika injini kwenye mzunguko mmoja na kuachia klachi pole pole kwenye tambarare, joto linaloingia kwenye klachi mpaka pande mbili zilingane ni sawa na nguvu yote ya mwendo ambayo gari limepata. Nusu inakwenda kwenye safari, nusu inachomwa kama ubani. Nilipoelewa hesabu hii niliacha ule uvivu wangu wa kuondokea gia ya pili mahali penye mteremko mdogo. Kwa gia ya pili kulingana kunachelewa, gari linakuwa na mwendo zaidi, na joto linafika karibu mara tatu.

Basi nikaanza fungate. Maelekezo yanayozungushwa na mafundi na wauza spea ni kilomita 500 mpaka 800 za kuendesha kwa upole. Nikaona rahisi: nitakwenda Segera na kurudi, mara chache tu, kwishinei. Mzee alisonya kwa dharau. Kilomita za barabara kuu si kilomita. Ukishaingia gia ya mwisho pleti na flaiwili zimeshikana kama kitu kimoja, hakuna kinachosuguana. Ungeweza kufika Moshi na klachi isijue kama imeolewa. Kinachohesabiwa ni kuondoka na kusimama.

Hapo ndipo nilipotambua tatizo la kukaa Tanga. Mtu wa Dar angemaliza fungate siku mbili, foleni ya Ubungo peke yake ingemtosha. Tanga hakuna foleni. Kuna baiskeli, na mara nyingine mbuzi. Nilijikuta, mwanamke mzima, nikizunguka mji kutafuta mahali pa kusimama. Niligeuka bodi ya hisani. Jirani anataka kwenda hospitali ya Bombo kumwona mgonjwa, namwambia panda. Watoto wa shule, pandeni nyuma, shikeni vyuma. Mama ntilie anataka barafu, muuza samaki anatoka soko la Deep Sea na ndoo mbili, mimi huyo. Shikamoo za wiki ile sijawahi kupewa. Watu wakaanza kuulizana kama nina mpango wa kugombea udiwani.

Inasemekana Uingereza ya zamani, gari jipya lilipokuwa bado linazoeshwa, mwenyewe alibandika karatasi kwenye kioo cha nyuma kuwaomba wenzake wampite. Mimi niliwaza niandike kwa rangi kwenye bodi, kama wanavyoandika wenye daladala: NIKO FUNGATE, PITA. Mpwa wangu alinikataza. Alisema watu hawatawaza klachi.

Lakini turudi kwenye mguu, maana aibu ya Mgandini haikutokana na klachi. Klachi mpya ilikuwa nzima. Kirikuu yangu inavuta klachi kwa waya, na kwenye klachi ya waya, pleti inavyolika ndivyo mahali inaposhikia panavyopanda juu. Leo hapapandi hata unene wa ukucha. Kesho vile vile. Mguu unapafuata bila kukuuliza. Kwa miaka sita nilikuwa nimezoea kuinua mguu mpaka karibu na mwisho kabisa, ndipo gari liondoke, na ningeulizwa ningeapa kwamba ndivyo lilivyokuwa tangu siku ninalinunua. Ile mpya ilishikia chini, pale mahali pake pa haki. Mguu ukapita kwa kasi kama mtu anayetafuta ngazi ambayo haipo.

Marehemu mama yangu alipokuwa akipoteza masikio, hakuna mtu nyumbani aliyegundua. Tulipandisha sauti kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka alipokuja mgeni kutoka Pangani akatuuliza kwa nini tunagombana. Tulikuwa tunamkaribisha chai. Nilimkumbuka mgeni yule pale Mgandini, injini imezima na kijana wa bajaji ananitazama. Kitu kibovu kinapokuharibikia taratibu, hukioni kama kibovu, unaona ndiyo dunia ilivyo, na unazidisha bidii. Nami nilijisifu kweli. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba gari langu linahitaji mtu anayelijua.

Wiki ile, basi, nililazimika kufanya kitu ambacho watu wa umri wangu hatukipendi, yaani kufanya vibaya mbele za watu jambo tunalolijua. Nikavua viatu. Nilirudi kwenye mazoezi ya siku ya kwanza: injini iko chini, usiguse mafuta, achia klachi nywele kwa nywele mpaka usikie gari linaanza kujivuta lenyewe, simamisha, rudia. Kuna sauti ndogo ambayo injini inaitoa hapo, inashuka nusu noti, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuinua gunia. Nilikuwa nimeisahau. Siku ya kwanza ilikuja na mtetemo kidogo na harufu hafifu, nikampigia mzee simu, akasema hiyo ni rangi ya dukani inatoka, nisiwe na kimuhemuhe. Siku ya tatu mtetemo ukaisha. Siku ya tano mguu ulikuwa unafika mahali pake kabla sijaufikiria.

Nilimwuliza mzee kama zamani mambo yalikuwa hivi. Akanijibu kwa kukohoa. Zamani za mbali zaidi, magari mengi ya mwanzo ya Ulaya yalikuwa na klachi ya koni iliyovishwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi ilitaka kulishwa mafuta ili isikakamae. Ikilainika kupita kiasi ikateleza, dereva aliinyunyizia udongo mkavu wa unga ili ishike. Kuna hadithi kuhusu Herbert Frood, Mwingereza aliyeanzisha Ferodo mwaka 1897: inasemekana aliwaona wenye mikokoteni wakisukumia kiatu kikuukuu kwenye gurudumu wakiteremka kilima, akawaza kutengeneza kitu bora kuliko kiatu. Baadaye dunia nzima ya breki na klachi ikahamia asbesto, kwa sababu haiungui. Kikohozi cha mzee kinaanzia hapo, au yeye ndivyo anavyoamini. Ujanani walikuwa wakifungua klachi ya lori na kupuliza vumbi kwa mdomo, wamefumba macho ili lisiingie machoni. Hakuna aliyewaambia kuhusu mapafu. Leo anafuta kwa kitambaa kibichi, na kijana akisogeza mdomo anapigwa kofi la kisogo kabla ya maelezo.

Siku ya nane nilipanda Lushoto bila mzigo. Mzee alitaka hivyo: safari ya kwanza tupu, ya pili nusu, ya tatu ndiyo nazi. Karibu na Soni lori lilisimama mbele yangu mlimani, na nyuma yangu basi dogo likaja likabana, honi juu. Hapo zamani ningening'iniza mguu. Nikavuta hendibreki, nikaweka frii, nikaachia pedeli kabisa, nikasubiri nikisikiliza mto. Lori lilipoondoka nikaingiza gia ya kwanza, nikainua mguu mpaka ile nusu noti iliposikika, pua ya gari ikainuka kidogo, nikashusha hendibreki. Likaondoka. Nilinusa kwa makusudi. Kulikuwa na harufu ya mikaratusi na ya moshi wa basi, basi.

Shida iliyobaki ni kwamba dereva wa kila siku wa gari hili si mimi. Ni mpwa wangu. Mimi ni mwenye gari, nayajua madaftari; yeye ndiye anayepanda mlima siku nne kwa wiki, na ana mazoea ya kuegemeza mguu juu ya pedeli akiwa anaongea, na haachi kuongea. Wiki nzima ile nilimnyima funguo, akakaa barazani kama mtu aliyeposwa akaachwa, akinitazama nikienda na kurudi na wagonjwa wa watu. Nilimweleza kuhusu vilima vidogo vya chuma. Nilimweleza kuhusu nusu noti. Alisema ndiyo shangazi, ndiyo shangazi, macho yakiwa kwenye funguo.

Jumatatu nikampa. Alipanda, akarekebisha kiti, akajitazama kwenye kioo. Nazi zilikuwa zimepangwa nyuma, si nyingi. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, nikaangalia mguu wake wa kushoto ukipanda juu, na juu tena, ukipatafuta mahali ambapo mimi niliuzoesha wa kwangu kupaacha.

Likaruka mara mbili, nazi zikagongana, likazima katikati ya barabara. Bajaji iliyokuwa nyuma ikapiga honi.

Nilikunywa chai yangu.